Kuanzia kesho: Zaburi 119

Bwana Yesu asifiwe wapendwa. Kesho tunaingia Zaburi 119. Msiogope urefu wake. Mistari ni 176, lakini imepangwa mafungu 22 ya mistari minane minane, kila fungu na herufi yake ya Kiebrania. Tutasoma fungu moja kwa siku. (Picha za "asubuhi njema" hazihesabiki kama kusoma, nimeshawajua!)

Mstari wa 105, "Neno lako ni taa ya miguu yangu", nimeukariri tangu utoto bila kuuelewa. Juzi umeme ulikatika, nikatoka uani na tochi ya simu. Ilimulika hatua mbili tu mbele, geti sikuliona kabisa, ila nilifika.

Ukisoma, andika humu mstari uliokugusa. Ukikwama, uliza.