Forester inashikilia kwenye kona: ninunue au niache?

Ndugu Mhariri,

Salaam kutoka Tanga. Nawaomba wasomaji wanaoyajua magari wanishauri kabla sijatoa pesa.

Nafanya biashara ya iliki na pilipili manga. Mzigo naufuata Amani, juu ya Muheza, na masika yakikolea ile barabara ya udongo inaitesa sana gari inayovuta kwa mbele tu. Ndiyo maana nimeitamani Subaru Forester ya mwaka 2004, otomatiki, inayovuta kwa magurudumu yote manne, inayouzwa hapa Ngamiani kwa milioni 11. Injini imetulia, bodi safi, na kadi ina jina la muuzaji mwenyewe.

Shida ni kona. Kwenye mchanga kule Raskazone iligeuka vizuri kabisa. Tulipofika kwenye lami kavu nikakata usukani hadi mwisho, nikaachia breki taratibu: gari ikawa inashikilia, mara inaruka kwa nyuma, kama punda aliyegoma. Nikashuka kutazama matairi. Ya nyuma mapya, ya mbele vipara.

Fundi wa kwanza anasema ni hayo matairi tu. Gari ya aina hii haitaki matairi yanayopishana mzingo. Subaru wenyewe wanataka tofauti isizidi milimita 6 hivi. Nifunge manne yanayolingana, nibadilishe oili ya gia boksi, basi. Wa pili alichomoa stiki ya oili akanipa ninuse. Nyeusi, inanuka kuungua. Yeye anahofia klachi iliyo mkiani mwa gia boksi, inayopeleka nguvu magurudumu ya nyuma. Akataka kuchomeka fyuzi kwenye nafasi yake chini ya boneti, ili gari ivute kwa mbele tu. Mshtuko ukiisha, klachi bado inaachia. Usipoisha, gia boksi lazima ifunguliwe. Mwenye gari akakataa katakata, eti tutamharibia umeme. Hapo ndipo nilipoingiwa na wasiwasi, na kumbana siwezi: ni rafiki wa marehemu baba, namwita baba mdogo.

Wapo wanaosema nifungue propela, ile shafti inayopeleka nguvu nyuma, nitembelee magurudumu ya mbele. Sasa Amani nitapandaje?

Je, niazime matairi manne yanayolingana tujaribu upya, au kukataa kwake fyuzi kumetosha? Na kama klachi imekwisha, inatengenezeka hapa Tanga, au nitafute gia boksi ya mtumba? Aliyewahi kuifungua anijibu, tafadhali. Baba mdogo anataka jibu Ijumaa hii.

Mama Iliki,
Ngamiani, Tanga