Yah: Malalamiko ya safari ya Krismasi milima ya Alps, na maneno aliyoambiwa mama yangu

Kwa Mkurugenzi Mtendaji,
Dar es Salaam.

Ndugu Mkurugenzi,

Salamu. Namba ya mkataba wetu mnayo na masharti mliyaandika wenyewe, kwa hiyo sitayarudia hapa. Hii ni barua yangu ya pili. Ya kwanza niliituma tarehe 29 Desemba 2025, mkanijibu kwa mistari miwili kwamba "mmepokea maoni yangu" na kwamba huenda tulimaliza gesi ya hita ya gari kwa matumizi makubwa. Sikutoa maoni. Nalalamika. Na gesi haikuisha, nitawaonyesha.

Usiku wa kuamkia tarehe 23 Desemba tulikuwa watu watano ndani ya kampavani yenu, gari lile la kulala ndani, kwenye kambi ya magari karibu na Zell am See, Austria. Kipimajoto cha gari kilionyesha nyuzi 13 chini ya sifuri nje. Ndani zilikuwa 4 na zinashuka. Hita ilikuwa imezimika tangu saa tano. Kila nikiiwasha inanguruma kidogo, taa nyekundu inawaka, kimya. Saa nane na nusu nikapiga simu ya dharura, ile mliyoichapa kwa wino mwekundu kwenye ratiba: saa 24, kwa Kiswahili. Niliweka spika ili mume wangu asikie maelekezo huku amemulika tochi kwenye kabati la mitungi.

Kijana wenu hakuuliza namba ya gari. Hakuuliza tuko wapi. Alianza na, "Dada, unajua huku ni saa ngapi?" Nikamwomba radhi. Mimi, niliyelipa, nikamwomba radhi yeye. Nikamweleza kwamba hita imekufa, kwamba nina watoto wawili na mama yangu mwenye miaka 71. Akanijibu: "Sasa mzee kama huyo mlimbeba wa nini kwenye theluji? Vaeni masweta, asubuhi mtatafuta fundi." Akakata.

Mama alikuwa ameketi hatua moja kutoka kwenye simu.

Naomba msije mkaniambia kwamba sisi ni watu wa joto tusiojua baridi. Mama amezaliwa na kukulia Marangu, chini ya Kilimanjaro, na asubuhi za Julai kule anazijua tangu akienda shule bila viatu. Hakuwa analalamika. Alikuwa amemfunika mjukuu wake wa mwisho kwa kitenge chake na blanketi lake mwenyewe, yeye kabaki na sweta.

Sasa kuhusu gesi. Kwenye kambi hiyo kulikuwa na mzee mmoja wa Kiaustria aliyelala gari la jirani. Aliona tochi zetu, akagonga, akatuingiza wote watano kwenye gari lake lenye joto akatupa chai. Hakuwa na neno la Kiswahili wala sisi la Kijerumani zaidi ya asante. Kulipokucha alikwenda kwenye kabati letu, akasoma maandishi ya mtungi, akatikisa kichwa. Mitungi yote miwili ilikuwa ya butani. Butani ikifika karibu na nyuzi sifuri inabaki maji ndani ya mtungi, haigeuki kuwa gesi. Ndiyo maana mtungi ulikuwa mzito, umejaa, na hita haina cha kuchoma. Propani ndiyo ya majira ya baridi, hiyo inaendelea kutoa gesi hata baridi ikikaribia nyuzi 42 chini ya sifuri. Mzee yule alitufungia mtungi wake wa propani na hita ikawaka kwa mara ya kwanza tu. Mara ya kwanza. Picha za mitungi ninazo, pamoja na video ya hita ikiwaka.

Kampuni inayouza safari ya Desemba kwenye milima ya Alps inajua jambo hili. Kama hailijui, basi haikupaswa kuuza. Na msinielekeze kwa wakala wenu wa Munich aliyetukabidhi gari. Yeye sikumlipa. Niliwalipa ninyi, hapo Dar es Salaam, shilingi milioni 14 na laki 6, na risiti ina muhuri wenu.

Maji nayo yaliondoka usiku huohuo. Boila la gari lina valvu ya usalama inayofunguka yenyewe joto likishuka karibu na nyuzi 3, ili maji yasigande ndani na kulipasua. Hakuna aliyetueleza hilo siku ya kukabidhiwa gari. Tulisikia tu maji yanamwagika chini ya sakafu gizani, watoto wakaanza kulia wakidhani gari limepasuka.

Na kwa nini tulikuwa Zell am See tumechoka kiasi hicho? Kwa sababu ya ratiba yenu. Siku ya tatu mmeandika: "Asubuhi kupanda barabara ya Grossglockner, kutazama kilele kirefu kuliko vyote Austria, meta 3,798." Tulifika Ferleiten tukakuta geti limefungwa na theluji imejaa nyuma yake. Barabara ile inapanda hadi meta 2,504 na hufungwa kila majira ya baridi. Kila mwaka! Si dhoruba ya ghafla, si bahati mbaya. Mtu aliyeandika ratiba hiyo alinakili safari ya Agosti akabadilisha tarehe. Tuligeuza gari kwenye barafu, mume wangu anaendesha, mimi nimeshuka naongoza kwa mikono, na saa kumi na nusu jioni jua lilishazama.

Tairi pia. Tulipokuwa tunarudi tarehe 26 theluji inaanguka, polisi wa Ujerumani walitusimamisha. Tairi zenu zina herufi M+S peke yake, yaani matope na theluji, hazina alama ya mlima na chembe ya theluji. Tangu tarehe 1 Oktoba 2024 Ujerumani haizihesabu tena kuwa tairi za baridi. Faini euro 60, tukalipa sisi, mbele ya watoto, kama wahalifu. Mkataba wenu unasema gari "limeandaliwa kwa majira ya baridi". Limeandaliwa na nini?

Haya yote ningeweza kuyaandikia barua ya kawaida, mkarejesha fedha kidogo, tukaachana kwa wema. Ninachoshindwa kukiachia ni simu ile.

Niliweka spika. Narudia, kwa sababu jibu lenu halikuligusa hata kwa neno moja. Mama alisikia yote, kwa Kiswahili chake mwenyewe, kutoka kwa kijana ambaye angeweza kuwa mjukuu wake. "Mlimbeba wa nini." Mzigo ndio unaobebwa. Mama yangu alikuwa abiria aliyelipiwa nauli, jina lake liko kwenye mkataba wenu, mstari wa pili. Hakukuwa na shikamoo, hakukuwa na pole. Simu ilipokatika hakuna aliyesema kitu ndani ya gari. Mwanangu wa kike, ana miaka kumi, akamtazama bibi yake, na mama akainamisha uso akaanza kukunja upindo wa sweta, kukunja na kukunjua, kukunja na kukunjua. Kisha akasema polepole, "Mwanangu, ningebaki nyumbani." Hiyo ndiyo sentensi ninayolala nayo. Wala haikuwa simu ya kwanza. Saa sita na robo nilishapiga mara mbili ikaita hadi ikakatika. Orodha ya simu nimeiambatanisha.

Pengine hamjui safari hii ilikuwa ya nani. Ilikuwa yake. Mama ameimba kwaya ya Kilutheri kwa miaka 50, na kila mkesha wa Krismasi wameimba ule wimbo wa usiku mtakatifu. Wimbo huo uliimbwa kwa mara ya kwanza tarehe 24 Desemba 1818 Oberndorf, mji mdogo karibu na Salzburg, na sasa mahali pale kuna kikanisa cha kumbukumbu. Nilimwahidi atasimama pale mkesha wa Krismasi na kuimba. Nilipokuja ofisini kwenu mwezi Juni niliwaambia hivyo, mkaniambia ni wazo zuri, mkaliandika.

Tulifika Oberndorf tarehe 24. Watu wamejaa, mishumaa, theluji laini. Mama alikataa kushuka garini. Alisema ana kikohozi, na kweli alikuwa nacho, tangu usiku ule. Lakini aliongeza, "Nendeni, msinisubiri, nisije nikawachelewesha." Mtu anayesema hivyo ameshaambiwa kuwa ni mzigo. Niliimba ubeti mmoja peke yangu nikarudi kukaa naye.

Katika barua ya kwanza niliomba mambo matatu: euro 60 za faini, euro 240 za nyumba ya wageni tulikolala siku mbili kwa kuogopa gari lenu, na barua ya radhi. Mlipuuza. Kwa hiyo maombi yale nimeyafuta. Sasa nataka shilingi milioni 14 na laki 6 zote, pamoja na euro hizo 300. Mtu hauziwi nyumba isiyo na paa akarejeshewa bei ya bati tu.

Na radhi sitaki tena ya barua. Nataka wewe Mkurugenzi, pamoja na kijana aliyepokea simu, mpande hadi Marangu, mkae mbele ya mama, mmwamkie, na mmwambie kwa midomo yenu kwamba hakuwa mzigo.

Nilitaka kuwapa siku 14. Nilipofika hapa nimezikumbuka zile simu mbili zisizopokelewa, nawapa siku 7 tangu mpokee barua hii. Zikipita, malalamiko yenye mitungi, tairi, ratiba na orodha ya simu yatakwenda Tume ya Ushindani, nakala Wizara ya Maliasili na Utalii inayowapa leseni, na wakili atafungua madai ya fedha pamoja na fidia. Sauti ya simu ninayo pia. Mume wangu alikuwa anarekodi ile taa nyekundu ya hita ili amwonyeshe fundi, na simu yake ikarekodi kila neno.

Mama yuko nyumbani siku zote isipokuwa Jumatano jioni, siku ya mazoezi ya kwaya. Bado hajarudi kwenye mazoezi, lakini siku hiyo muiache wazi.

Wasalaam,

Mteja wenu,
Moshi.