Barua ya wazi kwa Gavana wa Benki Kuu ya Tanzania: majirani wamegeuzwa dhamana

Mheshimiwa Gavana,

Salaam. Novemba 2024 ofisi yako ilitangaza orodha ya majukwaa na programu 69 zilizokuwa zikikopesha watu kwa simu bila leseni, ikawataka wananchi wazikwepe. Tangazo lile lilifika mpaka huku kwetu Mbagala. Lilisambazwa kwenye magrupu ya WhatsApp, na kwa muda watu wakapumua. Nakuandikia kuhusu yale ambayo tangazo halikuyagusa. Mimi ni fundi cherehani, na ni mwekahazina wa kikoba, kikundi cha majirani cha kuweka na kukopeshana. Fedha ninazozisimamia zinakaa kwenye sanduku la bati lenye kufuli tatu, wala sijidai kuijua kazi yako. Lakini yapo mambo yanayoonekana kutoka kwenye sanduku hili ambayo sidhani kama yanafika kwenye ripoti zako za robo mwaka.

Tunaelezwa kwamba mkopo ni biashara kama biashara nyingine. Kuna mwenye fedha, kuna mwenye shida, wanakubaliana bei, na bei yenyewe ndiyo riba. Wakopeshaji wakiwa wengi watashindana, na riba itashuka. Sikatai kwamba ushindani wa namna hiyo upo. Gharama za kupiga simu zilishuka makampuni yalipoongezeka, na sote tulifaidi. Ila kwenye kausha damu, yaani mikopo ya haraka yenye gharama za kuumiza, wakopeshaji wamejaa kila kona na bei haishuki. Sababu yake si ngumu. Mama mwenye rejesho kesho asubuhi halinganishi riba, anamtafuta atakayempa leo. Kwa hiyo wakopeshaji wanashindana kwa haraka ya kutoa, na kwa ufundi wa kukamua wakati wa kudai. Bei haimo kabisa kwenye mashindano hayo.

Nikupe mfano wa jirani yangu, muuza maandazi. Alikopa kwa simu mkopo ulioandikwa shilingi 100,000. Zilizoingia kwenye simu yake zilikuwa 68,000. Zilizobaki zilikatwa hapo hapo na kuitwa ada ya huduma. Baada ya siku saba alitakiwa arudishe 100,000 kamili, yaani alipie 32,000 kwa kutumia 68,000 wiki moja tu. Benki Kuu imeweka kikomo cha riba ya asilimia 3.5 kwa mwezi kwa wakopeshaji wa daraja la pili, wale wasiopokea amana. Kwa hesabu hiyo, 68,000 ingemgharimu shilingi 2,380 kwa mwezi mzima. Lakini mkopeshaji akiulizwa atakuambia hajavuka kikomo, kwa kuwa ile si riba, ni ada. Kuna ada, kuna fomu, kuna bima, kuna faini ya kuchelewa. Riba yenyewe imebaki ndogo na yenye adabu, na vyote vinavyoizunguka ndivyo vinavyokula mtu.

Siku ya nane mimi ndiye niliyetumiwa ujumbe. Uliandikwa hivi: huyu mtu ni tapeli, amekopa na amekimbia, mwambie alipe kabla ya saa 10 jioni, la sivyo picha yake itasambazwa. Mimi sikumdhamini, wala sikujua kama amekopa. Jina langu lilikuwamo tu kwenye simu yake, limeandikwa “Fundi Nguo”. Ujumbe huo huo ulimfikia mama mkwe wake, mwalimu wa mwanawe na duka linalomchukulia maandazi kila asubuhi. Jioni ile alilipa. Alilipa kwa kukopa kwenye programu nyingine.

Mheshimiwa, hapo ndipo ninapotaka tutue kidogo. Benki ikikopesha inashika hati ya nyumba au kadi ya gari. Huyu hana nyumba wala gari, na mkopeshaji alilijua hilo kabla hajatoa fedha. Alichoshika ni orodha ya majina ya watu wanaomheshimu. Heshima aliyoijenga kwa miaka kwa mama mkwe, kwa mwalimu, kwa mwenye duka, ndiyo iliyowekwa rehani, na sisi tuliomo kwenye orodha hatukuulizwa. Mwaka 2023 kampuni ya Google ilizuia programu za mikopo zilizomo kwenye duka lake zisisome majina na picha za mteja. Mwaka huo huo, tarehe 1 Mei, Sheria yetu ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ilianza kutumika. Leo programu zinatumwa kwa kiungo cha WhatsApp bila kupitia duka lolote, na ujumbe wa vitisho unaendelea kuingia. (Nakiri inaniuma kidogo kwamba kwa muda fulani aliyetulinda zaidi alikuwa mfanyabiashara wa California.)

Ya simu ndiyo yanayosikika sana magazetini. Ya vibarazani hayasikiki, ingawa ni ya zamani zaidi na kwa maoni yangu ni mabaya zaidi.

Wanawake wanapangwa kwenye kundi, kila mmoja akiwa mdhamini wa wenzake. Siku ya rejesho afisa mikopo anakuja na karatasi yake, anakaa kwenye kiti alichotolewa, na hakuna kuondoka mpaka fedha itimie. Akikosa mmoja wote wanakaa. Mboga zinanyauka sokoni, watoto wanarudi shule wanakuta mlango umefungwa. Ikifika saa tisa mtu anasema kwa sauti kile ambacho wote walikuwa wakikiwaza: twendeni kwake. Wanakwenda. Wanatoa jiko la gesi, wanatoa televisheni, kuna siku niliona wanabeba sofa la watu wawili huku mtoto amelikalia. Afisa hagusi kitu, hapandishi sauti, anaandika tu. Wanaobeba ni shoga zake mwenye nyumba, waliokuja kumpikia uji alipojifungua. Kazi ya dalali wa mahakama inafanywa na majirani, bila amri ya mahakama na bila ujira.

Haya yametubadilisha. Zamani mwanachama wa kikoba asipoonekana kwenye mkutano tuliuliza kama anaumwa, na mfuko wa jamii ukafunguliwa. Siku hizi swali la kwanza ni anadaiwa na nani. Watu wana laini mbili, moja ya kupokea na moja ya kujifichia. Ukimwomba mtu akudhamini anaangalia pembeni, hata akiwa ndugu wa damu. Tulilelewa tukiambiwa akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki. Sasa anayekufaa kwa dhiki ni programu, na rafiki ndiye anayetumiwa ujumbe.

Wapo watakaosema haya ni matokeo ya soko kuachiwa na serikali kujitoa. Mimi siioni serikali iliyojitoa. Fomu ya mkopo inayozunguka mitaani ina nafasi ya sahihi na mhuri wa mwenyekiti wa serikali ya mtaa, na bila mhuri huo fedha haitoki. Namba ya NIDA, ya kitambulisho cha taifa, inayomtambulisha mkopaji imetolewa na serikali. Laini ilisajiliwa kwa alama za vidole kwa agizo la serikali, tukapanga foleni mwishoni mwa 2019 na Januari 2020, tukiambiwa ni kwa ajili ya usalama. Nakubali ulikuwepo usalama. Lakini daftari lile la watu ndilo lililomwezesha mkopeshaji kumpa fedha mtu asiyemfahamu, akiwa na hakika ya kumpata. Na mdaiwa akikwama, wapo wanaoitwa kituo cha polisi kwa deni ambalo ni la madai, si la jinai. Dola ipo sokoni tangu asubuhi. Imekaa upande mmoja wa meza.

Naomba usinielewe kwamba nataka turudi 1967. Benki zilipotaifishwa na Benki ya Taifa ya Biashara (NBC) ikawa ndiyo benki, muuza maandazi hakupata mkopo vilevile, na mama zetu walipanga foleni ya sabuni. Tume ya Charles Nyirabu, aliyewahi kukaa kwenye kiti chako, ilikuwa na hoja ilipotaka benki binafsi ziruhusiwe. Sheria ya 1991 ikafungua mlango kwa benki binafsi, NBC ikagawanywa 1997 na kuuzwa 2000. Sina ugomvi na hilo. Ila katika miaka hiyo hiyo kulikuwa na mambo mawili mengine: watu walipunguzwa kazi, na hospitali zikaanza kutoza chini ya utaratibu wa kuchangia gharama. Ajali za maisha zilizokuwa zikibebwa na mwajiri au na wizara zikahamia nyumbani. Nyumbani hakuna akiba ya kuzibeba. Kuna mtaji wa maandazi.

Nikifungua daftari la kikoba chetu naona hilo kwa macho. Wengi hawakopi ili wapanue biashara. Wanakopa ili kurudisha mtaji ulioliwa: mtoto alilazwa, mzazi amefariki kijijini, kodi ya miezi sita imefika kwa mkupuo. Serikali ilifuta ada mpaka kidato cha nne mwaka 2016, na hilo lilisaidia sana, lakini Januari bado kuna sare, madaftari na michango. Januari ndio msimu wangu. Nashona sketi na mashati mpaka usiku, na najua kabisa kwamba sehemu ya fedha ninayolipwa imetoka kausha damu. Kwa hiyo hata mimi nakula humo humo. Mwenye duka la sare anakula, dereva wa bodaboda anakula, na mwenyekiti anayegonga mhuri anapata chochote.

Sikuombi upige marufuku. Kule Andhra Pradesh, India, kampuni moja kubwa ya mikopo midogo iliuza hisa zake kwa umma Agosti 2010, na mwezi wa Oktoba serikali ya jimbo ikatoa amri kali kufuatia taarifa za wadaiwa waliojiua. Marejesho yakasimama, na mikopo yenyewe ikasimama nayo, hata kwa wale waliokuwa wakikopa kwa heshima. Shida ya muuza maandazi haifutwi kwa tangazo. Ukifunga mlango huu atakopa kwa mtu mwenye daftari na panga.

Ninachoomba kiko ndani ya uwezo wako. Kikomo cha asilimia 3.5 kihesabu kila shilingi inayokatwa, iitwe ada, iitwe fomu, iitwe bima. Na mkataba uanze na maneno ambayo hata mtu wa darasa la nne anayaelewa: unapokea kiasi hiki, unarudisha kiasi hiki, tarehe hii. Asilimia zije baadaye kwa wanaozitaka.

Mkopeshaji anayemtumia ujumbe wa deni mtu asiye mdhamini anyang'anywe leseni, na Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ihusishwe. Faini peke yake haitoshi, kwa sababu faini nayo itaingizwa kwenye ada ya mteja anayefuata. Vyombo vya ndani visitolewe bila amri ya mahakama, hata kama wanaovitoa ni wanakikundi wenyewe, na kampuni iliyowapeleka hapo iwajibike kana kwamba ni watumishi wake. Vivyo hivyo kwa wale wanaoshikilia kadi za benki za walimu na wastaafu pamoja na namba za siri. Mshahara wa serikali unaingia, mkopeshaji anautoa yeye kwanza, mwenye mshahara anapewa kinachobaki. Hili halihitaji uchunguzi mrefu, kila shule ina mwalimu anayejua.

Ipo pia mikopo inayotoka kwenye asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri, isiyo na riba, ya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu. Ilisimamishwa Aprili 2023, ikarejeshwa 2024. Najua haiko chini yako. Ila ukikutana na wenzako wa TAMISEMI, wanaosimamia halmashauri, waambie kwamba mkopo usio na riba unaotoka baada ya miezi kadhaa haushindani na mkopo wa dakika tano.

Mwisho ni ule mhuri. Agizo dogo lingetosha: mwenyekiti wa mtaa asigonge mhuri kwenye fomu yoyote isiyo na namba ya leseni ya mkopeshaji, na orodha ya wenye leseni ibandikwe kwenye ukuta wa kila ofisi ya serikali ya mtaa, karibu na tangazo la taka. Orodha iliyoko kwenye tovuti haimfikii mtu ambaye bando lake limeisha.

Nakala ya barua hii nimempelekea mwenyekiti wetu. Ameisoma yote, akasema yuko tayari kukataa kugonga mhuri, lakini akauliza namba za leseni atazihakiki kwa nani, kwa simu ipi, na nani atamlinda yeye endapo afisa mikopo atakuja juu. Maswali yake nayaleta kwako kama alivyoyauliza.

Wako katika ujenzi wa taifa,

Fundi cherehani na mwekahazina wa kikoba,
Mbagala, Dar es Salaam