Ganuni Imesogea Mbele

Kikwajuni, Unguja
Jumapili, 9 Novemba 2014

Shoga yangu mpenzi,

Assalamu alaykum. Waama baada ya salamu, sisi huku hatujambo, nyumba nzima. Bi Mkubwa magoti yanamsumbua kila mvua za vuli zikianza, lakini sokoni anakwenda mwenyewe na hataki kusaidiwa kikapu. Anakusalimu sana, na anauliza huko Paris muhogo mnaupata wapi.

Diski ya taarab imefika, ile Chungu ya Rajab Suleiman na kikundi chake cha Kithara. Mgeni wako aliniletea Alhamisi magharibi, imeviringishwa ndani ya kanga, haina hata mkwaruzo. Nilitaka kukupigia simu palepale, nikaona hapana, haya si maneno ya simu. Nimeisikiliza mara nne, mwanzo mpaka mwisho, ndipo nikashika kalamu. Maana wewe ulinitumia hukumu kabla diski haijafika: "Nzuri, lakini imepwaya." Neno hilo limenikaa kichwani siku tatu. Nimelipinga, nikalikubali nusu, nikalipinga tena. Ngoja nikueleze.

Kwanza najua unakotoka. Babu yako alikaa safu ya fidla Malindi, katika Nadi Ikhwan Safaa, klabu ya tangu 1905, na sisi tulikulia chini ya viti vyao. Unakumbuka tulivyokuwa tunakaa mkekani, bashraf, ule muziki wa kufungulia usio na maneno, ikianza, fidla zote zinapanda kwa pamoja kama tanga linaloshika upepo, akodioni inafuata, na babu yako kafumba macho? Mtu aliyelelewa na sauti ile, akiletewa diski ya kikundi kidogo kama Kithara, lazima ataona nyumba ina nafasi nyingi na watu wachache. Hapo sikulaumu. Hata mimi mara ya kwanza nilisubiri fidla ziingie kwa wingi, nikasubiri, wimbo ukaisha.

Mara ya pili nikaacha kusubiri. Na hapo, shoga yangu, ndipo niliposikia ganuni, kile chombo cha nyuzi nyingi anachopiga Rajab. Miaka yote hii nimeisikia ganuni ikiwa katikati ya watu, kama sauti ya mtu mmoja kwenye dua ya pamoja. Unajua yupo, lakini humtambui. Rajab Suleiman nimemwona na klabu ya Culture mara nyingi kuliko ninavyoweza kuhesabu, na nilidhani upigaji wake naujua. Kumbe nilikuwa nikijua mikono yake tu. Humu ndani ya Chungu nimesikia anavyouliza, anavyojijibu, anavyouacha ubeti upite halafu anaufuata nyuma kwa noti tatu nne tu, kama mtu anayemalizia maneno ya mwenzake kwa sauti ya chini. Hayo ukijaza fidla kumi na mbili juu yake, yanazama.

Tena nina hoja nyingine, na hii naomba uipime kwa utulivu kabla hujanijibu. Wewe unasema kundi kubwa ndiyo taarab yenyewe, na kundi dogo ni taarab iliyopunguzwa. Basi Siti binti Saad tumweke wapi? Alipokwenda Bombay mwaka 1928 kurekodi santuri, hakwenda na safu za fidla. Alikwenda na wapigaji wachache, udi, fidla, ngoma, na sauti yake, na santuri zile zikavuka bahari zikasikilizwa pwani nzima. Yale makundi makubwa tuliyoyapenda mimi na wewe yalikuja baadaye, watu walipoanza kusikiliza sana santuri za Misri na kutazama filamu za Kairo, wakataka na wao ukumbi uwe na sauti ya namna ile. Ni mazuri, na babu yako, Mungu amrehemu, alikuwa miongoni mwa walioyafanya yawe mazuri. Lakini hayakuwa mwanzo. Kwa hiyo kikundi kidogo kinapoiweka sauti moja ya mwanamke na ganuni mbele ya kila kitu, mimi naona kimerudi karibu na Siti, hakijapungukiwa.

Sasa nikupe jambo lililonifanya niwe na uhakika, maana nusu ya hoja hii sikuipata kwenye diski, niliipata kichochoroni.

Mfunguo Tatu ulipokuwa unakwisha, harusi zimejaa kila mtaa, nilitoka Mikunguni kupeleka nguo kwa fundi. Alasiri, jua linachoma. Nyuma ya ukuta mmoja nikasikia sanduku. Hukosei sanduku, ile besi ya kasha la chai na ugwe mmoja, inapiga chini kama mtu anayetwanga kinu nyumba ya tatu. Miguu ikanipeleka yenyewe. Nikapiga hodi, kumbe nyumba ya mtu ninayemjua, nikavutwa ndani kabla sijamaliza kusalimu.

Kidumbak, mwenzangu! Kidumbak hasa, watu watano. Mzee wa fidla kakaa kwenye kigoda, kajifunga shuka, fidla kaiegemeza kifuani. Kijana mmoja ana dumbak, ngoma mbili ndogo za udongo, miguuni. Mwingine cherewa za kutikisa, mwingine mkwasa, vijiti vya kugonga, na huyo wa sanduku kasimama kavuta fimbo, jasho linamtiririka. Wanawake wamejipanga duara, viuno vinakwenda taratibu, hakuna anayeharakisha. Na wimbo hausimami. Unajua desturi yao, wanaingia wimbo mmoja wanatokea mwingine, saa nzima hakuna pumzi.

Katikati ya mwendo ule mzee akaingiza wimbo wa taarab ninaoujua tangu utoto, ule Bi Mkubwa anaouimba akipepeta mchele. Klabuni huimbwa kwa heshima zote, watu wamekaa, mwimbaji kasimama wima mikono imetulia. Hapa mzee kauharakisha, kaukata, kaurudia mara tisa palepale penye kiitikio, na wanawake wakapiga vigelegele kama wamesikia jina la mtu wanayempenda. Nilisimama mlangoni na mfuko wangu wa nguo nikajisemea: wimbo ni uleule, umevua viatu tu.

Zamani tuliambiwa kidumbak ni taarab ya wasio na uwezo, taarab ya Ng'ambo, mitaa ya nje ya Mji Mkongwe, ya watu wasioweza kununua ganuni na kulipa waimbaji wa klabu. Nami niliamini hivyo, kwa sababu ndivyo wakubwa walivyosema. Siku ile niliona zaidi ya hapo. Niliona watu wanaochagua nini kibaki. Wameacha akodioni, wameacha chelo, wamebakisha fidla moja, mshindo na maneno, na harusi nzima imesimama. Wiki mbili baadaye nikaweka diski yako, nikasikia ndani yake mirindimo ya ngoma zetu imekaa chini ya ganuni bila kuona haya, nikasema hawa nao wamepita kichochoro kilekile. Ndiyo maana nakataa neno kupwaya. Nguo hupwaya mwilini pale ilipokatwa kwa ajili ya mtu mwingine. Hii wameishona kwa kipimo chao.

Haya, sasa pale ulipo na haki. Kuna kitu sikipati humo, nami kimeniumiza kama wewe. Saada Nassor anaimba, na sauti yake sijui niisemeje, ina utulivu wa mtu aliyekwisha kulia zamani na sasa anasimulia. Anafika ubeti ambao mimi na wewe tungekuwa ukumbini tungeinuka. Tungeinuka wallahi. Ningechukua noti yangu, ningejitanda vizuri, ningekwenda mbele polepole nikicheza mabega, nikamtunze pale penye neno langu, na kila mwenye akili ukumbini angejua neno lile limemfika nani. Badala yake nimekaa sebuleni na Bi Mkubwa, spika ndogo juu ya kabati, na ubeti ukapita. Hakuna aliyeinuka, hakuna aliyesema "rudia". Taarab bila wanaotunza ina upweke, na studio haiwezi kuutibu upweke huo. Kama hilo ndilo ulilolisikia ukaliita kupwaya, basi tumekubaliana, ila lawama si ya wapigaji.

Bi Mkubwa yeye, kwenye ubeti uleule, alitoa noti ya mia tano chini ya mto akaiweka juu ya spika. Hakusema kitu. Iko palepale mpaka leo, sijathubutu kuiondoa.

Jambo jingine linalonikera, tena si kwako wala kwa Kithara. Diski hii ya watu wa Vuga na Ng'ambo imetolewa na kampuni ya Buda Musique hukohuko Paris, katika ule mfululizo wao wa diski uitwao Zanzibara unaosimamiwa na Werner Graebner. Nawashukuru, kwa kweli. Bila mfululizo ule, ile namba moja ya miaka mia ya Ikhwan Safaa tusingekuwa nayo, wala namba mbili ya Mombasa ya enzi za Matano Juma na Zuhura. Lakini nimezunguka Darajani nzima kuiulizia Chungu, maduka manane, wanachonipa ni rusha roho za kinanda na nyimbo za dansi. Vijana wa dukani hawakuwa wajeuri, walinitafutia kwa moyo. Hawana tu. Wewe uliyeko Ulaya umenitumia sauti inayopigwa dakika kumi kutoka mlangoni kwangu kwa miguu. Nilipofikiri hivyo nilitamani niwe na duka.

Na mwaka huu nimekuwa na haraka ya mambo haya kuliko zamani. Bi Kidude ametutoka Aprili ya mwaka jana. Aprili hii akaondoka mwimbaji Juma Bhalo, Mombasa ikanyamaza. Mama yangu mdogo alilia kama kafiwa na kaka. Ninapoona mtu anapiga vizuri yuko hai na mikono yake mizima, sitaki tena kusema "tutamsikiliza siku nyingine".

Ndiyo nikaanza kwenda mazoezini. Jioni nikimaliza kazi napita Vuga, klabu ya Culture, nakaa kiti cha nyuma. Hakuna mapambo. Wanasimama katikati ya wimbo, wanabishana juu ya mpito mmoja, wanaanza upya. Klabu ile ya tangu 1958 na bado wanabishana juu ya mpito mmoja! Nimejifunza zaidi kwenye kubishana kule kuliko kwenye maonyesho mengi niliyolipia kiingilio.

Na siku mbili kwa wiki nampeleka binti wa dada yangu, yule uliyemwacha anatambaa, chuo cha muziki pale Mizingani, jengo la zamani la Forodha. Ana miaka kumi na mbili, na katika vyombo vyote amechagua ganuni. Sikumshawishi, naapa. Anaipakata magotini, imemfunika mpaka tumboni, kavaa pete mbili kwenye vidole vya shahada na vipande vya kupigia vimebanwa ndani yake. Nilikuwa sijui kuwa kila noti ina nyuzi tatu. Tatu! Na zote tatu lazima zikubaliane, ama noti moja inasikika kama watu watatu wanaogombana. Pembeni kuna vichuma vidogo vya kuinua na kushusha, ndivyo vinavyomtoa makamu ya rasti kumpeleka ya bayati, yaani mpangilio mmoja wa noti kwenda mwingine. Nusu ya saa inakwisha katika kuweka sawa nyuzi kabla hajapiga hata kitu kimoja. Mimi hukaa dirishani natazama majahazi, namsikia akihangaika na uzi mmoja, ukikubali anacheka peke yake. Sasa nikimsikiliza Rajab Suleiman nasikia na kazi ile isiyoonekana.

Nilimpa diski yako asikilize. Aliisikiliza kajilaza sakafuni, sikio karibu na spika, akaniambia: "Khaloo, huyu anaziacha nyuzi zife zenyewe, hazishiki." Nikarudi kusikiliza mara ya nne kwa ajili ya neno lile. Ni kweli. Mwisho wa wimbo uliokuudhi, ule ulioandika kuwa umekatika mapema, haukukatika. Ongeza sauti, subiri. Utasikia nyuzi zinakwenda, zinakwenda, mpaka zinakwisha. Fanya hivyo usiku, mji wenu ukitulia, halafu niandikie.

Na nina ombi. Ganuni anayoitumia si yake, ni ya chuo, watoto wanne wanagawana, na nyuzi za juu zimekatika tatu. Hapa hazipatikani, wakipata ni kwa msafiri. Huko kwenu najua wapo watu wa Tunis na Kairo wenye maduka ya vyombo. Nimemwomba mwalimu aniandikie unene wa kila uzi na urefu wake, karatasi nimeitia ndani ya bahasha hii. Zikipatikana, mpe yule mgeni wako, anarudi huku kabla ya mwaka mpya. Gharama niambie, usinifiche.

Kanga uliyoviringishia diski naikalia kimya mpaka utakapoidai.

Nisalimie watoto. Mzee wako mwambie shemeji yake anamsalimu.

Wako,
shogayo wa Kikwajuni