Godoro lilianikwa mbele

Anti, shikamoo.

Nakuandikia saa tisa kasorobo usiku. Nimekaa jikoni juu ya ndoo, maana nikirudi kitandani nitapitiwa na saa kumi nina mtu wa kumwamsha. Wewe ni mzazi, unajua.

Niseme mapema kwamba mimi si mtu wa ugomvi. Wifi yangu nilimpokea mwenyewe alipoachika mwaka jana, yeye na mwanawe, wala sikungoja kuombwa. Chakula tunapika chungu kimoja. Kwa hiyo asitokee mtu akasema nimemchoka, sijamchoka. Ila godoro alilianika mbele.

Nyumba yetu ina ua. Uani kuna ukuta wa matofali ambao jua linaupiga tangu saa mbili mpaka alasiri, na godoro la mwanangu miaka yote linaegemezwa pale. Linakauka, linarudi ndani, mpita njia hana habari. Jumamosi ile wifi alilibeba kichwani, akapita nalo mlango wa mbele, akaliegemeza kwenye mwarobaini unaotazamana na kijiwe cha bodaboda, upande wenye doa umeelekea barabarani. Doa lenyewe lina pete, Anti, la leo juu ya la jana, juu ya la juzi. Na saa ile watoto wanatoka madrasa.

Wakaanza ule wimbo wa kikojozi. Sote tumeuimba, hata mimi nilikuwa namwimbia mtoto wa jirani na kumpigia makofi. Mwanangu alikuwa katikati yao, ametoka nao chuoni, juzuu kaikumbatia kifuani. Akaliangalia godoro. Kisha naye akaanza kuimba. Akaimba na wenzake, anapiga makofi kwa mkono mmoja kwenye paja kwa sababu ule mwingine umeshika juzuu.

Utaniuliza nilikuwa wapi. Nilikuwa na mafuta motoni, na maandazi hayaachwi. Mwenye kupika ataelewa.

Ana miaka tisa, yuko darasa la nne, na darasani si wa mwisho. Mchana hana tatizo lolote, ni usiku tu, na ni tangu azaliwe. Zahanati nesi aliniuliza, amewahi kukaa miezi sita mfululizo bila kukojoa? Nikamwambia hata wiki mbili hajafikisha. Akasema basi huyu hakuanza upya, ni kibofu na usingizi wake havijapatana, wala hafanyi kusudi. Wakampima mkojo. Sukari hakuna, UTI hakuna, kichocho hakuna. Akamuuliza habari za choo, mtoto akaona haya, nikajibu mimi: anakaa siku kadhaa bila kwenda, na kinakuwa kigumu. Nesi akasema na hicho nacho kinakibana kibofu, mpe papai, mpe mboga, na maji usimnyime mchana. Anywe asubuhi mpaka alasiri, apunguziwe kama saa mbili kabla ya kulala, na chai ya usiku mwachishe kabisa. Mimi nilikuwa namnyima maji tangu adhuhuri, kumbe nafanya kinyume. Akaniambia ipo kengele ndogo inayofungwa kwenye chupi, inalia mkojo ukianza kutoka, lakini nikiuliza wapi inauzwa hana jibu la kunipa. Vipo na vidonge, ila hivyo ni vya kuandikiwa na daktari, na mtoto akiviacha mara nyingi tatizo linarudi. Akamalizia kwamba katika watoto kumi wa miaka saba mmoja yuko hivi, na wengi wanaacha wenyewe wakikua.

Kumi! Wale tisa nawaona kila siku. Huyo mmoja ni wangu, na godoro lake limeonwa na kijiwe kizima.

Halafu nesi akauliza kama kuna mzazi aliyekuwa na hali hii utotoni, kwa sababu inatembea kwenye ukoo. Nikasema hakuna. Wifi alikuwa amekaa pembeni yangu, alinisindikiza siku ile, sina budi kusema ukweli kwamba alinisindikiza na nauli akalipa yeye.

Lakini yupo. Mama mkwe aliniambia mtoto alipokuwa na miaka minne, tumekaa tunachambua mchele. Akasema mwanangu usijisumbue, baba yake amekojoa mpaka darasa la sita. Alikuwa analala kitanda cha kamba, mkeka juu, mkojo unapita unaingia kwenye mchanga, asubuhi yeye anafukia anafagia, kwisha. Nyinyi mmenunua magodoro, akasema, ndiyo maana mnaona mtihani. Tukacheka. Kisha akanishika mkono akaniapisha nisije nikamtajia mtu, na mume wangu asijue kama ninajua. Sijui wifi analijua hili. Ni mdogo kwa kaka yake kwa miaka kumi, huenda hakulikuta. Na kama analijua, na godoro akalipeleka mbele vilevile, basi mimi sina la kusema tena.

Hilo tuliache.

Wifi naye simkatalii kila kitu. Mwanawe analala kitanda kimoja na wangu, analowa bila kosa lake, anaenda shule ananuka. Nimetandika ule mpira niliokwenda nao leba kumzaa huyu mwanangu mdogo, nikaufunga chini ya shuka kwa kamba, lakini mtoto akigeuka unajikunja na mkojo unapata njia. Anasema nyumba haiswaliki. Anafua kanga zake mara mbili. Kwa maneno yake alilipeleka mbele ili mtoto aone haya, akiona haya ataacha. Kwani haya hana? Anaamka kabla ya adhana, anavua shuka mwenyewe, analiloweka, nikiamka namkuta amekaa barazani amejifanya anasoma.

Kombe tumemnywesha, yale maji yaliyooshewa maandishi ya aya. Alikunywa jioni na usiku akalikojoa, Mungu anisamehe kwa kucheka. Jirani akaleta habari za kumfunga chura hai kiunoni. Hilo nilikataa, lazima niseme nilikataa, maana baada ya kusoma haya utaniona sina msimamo.

Baba yao ni dereva wa lori. Wiki anakuwa nyumbani siku moja au mbili, na siku hizo mtoto anakojoa zaidi. Lile la godoro nilimpigia simu nikamweleza ili amkanye dada yake. Akakaa kimya mpaka nikadhani mtandao umekata. Kisha akasema Januari anakwenda bweni, huko atakomaa. Basi. La godoro hakulisema.

Mwaka 2023 serikali ilipofuta bweni kwa watoto wa awali mpaka la nne, nilifurahi moyoni peke yangu, nikapata la kujifichia. Kila akitaja bweni namwambia bado hairuhusiwi. Sasa Januari anaingia la tano na sina pa kujificha. Kule wanalala dabo deka. Atawekwa juu au chini? Akiwekwa juu, yule wa chini atafanywa nini, na yeye atafanywa nini na yule wa chini? Hapa ameimbiwa na watoto kumi na watano wa mtaani. Kule ni bweni zima, na hakuna ukuta wa uani.

Na kuna usiku natamani aende. Nimeshaandika, sifuti. Usiku kama huu, nimeamka saa saba, nimembeba mpaka chooni, kichwa kinamning'inia begani, amesimama amefumba macho hakojoi tone, namrudisha, nageuka tu namsikia anakojoa. Nesi alishaniambia kumwamsha si dawa, ni kuokoa shuka, tena nisiamshe mara tatu. Namwamsha mara tatu. Jumamosi ile alfajiri nilimfinya paja mpaka likavilia, nikamwambia unanitia aibu. Mafuta, Anti, hata hayakuwa yameshika moto. Nilisimama nyuma ya pazia nikatazama lile godoro linatoka na nikasema moyoni acha lionekane. Mpaka alipoanza kuimba.

Tangu siku hiyo hajaniuliza kitu. Jana tu, nikimfunga chandarua, akasema, "Mama, mtu mzima anakojoa?" Nikamwambia lala. Jibu nilikuwa nalo mdomoni, lile la kitanda cha kamba, na baba yake yule anayemwona anaendesha lori la tairi ishirini na mbili. Lingemtosha. Lakini niliapa, na baba yake akisikia limetoka kwangu sijui nyumba hii itakuwaje. Mama mkwe ni mgonjwa, simpigii simu kwa jambo la namna hii. Au nimpigie?

Swali langu ni hilo la godoro. Nimwambie vipi wifi asilianike mbele, bila kuonekana namfukuza? Maana simfukuzi. Ingawa akipata kwake sitamzuia.

Jina usitoe, wala mji, wala kazi ya mume wangu. Wifi anakusoma kila wiki na hunisomea mimi kwa sauti nikiwa napika. Ikibidi uchapishe, badili godoro liwe zulia, na mwarobaini uwe mwembe. Saa kumi hiyo, naenda kumwamsha.