Miaka kumi mliyoiruka katika maisha ya Shirley Temple

Mhariri,

Makala yenu ya Jumapili iliyopita kuhusu watoto waliowika Hollywood ilimaliza habari za Shirley Temple kwa sentensi moja tu: kwamba alipokua watu walimchoka, akaacha filamu, akaolewa. Sentensi hiyo imeruka miaka kumi. Kati ya 1941 na 1949 msichana huyo alicheza filamu 13, na yaliyotokea katika miaka hiyo ndiyo yenye faida kwa mzazi yeyote ambaye binti yake ameitwa mbele ya kamera. Tunaomba nafasi tuyaeleze.

Tuanze na umri, maana uharibifu ulianzia hapo. Alizaliwa Santa Monica, California, tarehe 23 Aprili 1928. Studio ya Fox ilipompa mkataba wake wa kwanza, kwa dola 150 kwa wiki, ilimpunguzia mwaka mmoja ili aonekane wa ajabu zaidi, na wazazi wakakubali. Yeye mwenyewe hakujua. Siku ya kuzaliwa aliyodhani anatimiza miaka 12 ndiyo aliyoambiwa anatimiza 13. Mtu anaweza kuuona huu kuwa uongo mdogo wa kibiashara, lakini fikirini kazi yenyewe: hadhira iliyoambiwa kwamba inamtazama mtoto wa miaka kumi ilikuwa ikimtazama wa kumi na mmoja. Kila alipoongezeka urefu alionekana amekua kabla ya wakati wake, na watu wakaona kama wamepunjwa. Hata leo, katika nchi zenye sheria ya kazi za watoto, umri ndio unaoamua mtoto akae kazini saa ngapi. Anayeuchezea huo huwa amekwisha kuvuruga mengine yote.

Kazi yenyewe ilikuwa nzito. Mama yake, Gertrude, alimtengenezea nywele kwa misokoto 56 kamili, bila kuzidi wala kupungua, ili kichwa kifanane kutoka onyesho hadi onyesho. Kuanzia Julai 1934 mshahara ulipanda hadi dola 1,000 kwa wiki, mama akalipwa 250, pamoja na bonasi ya dola 15,000 kwa kila filamu iliyokamilika. Tazameni bonasi hiyo inavyosukuma mambo: kadiri filamu zinavyokuwa nyingi, ndivyo nyumba inavyoingiza, na hapo mzazi ambaye kazi yake ni kusema "mtoto amechoka" anakuwa na sababu ya kunyamaza. Hatusemi Gertrude alimtesa mwanawe. Kila ushahidi unaonyesha alimpenda na alikaa naye kazini siku zote. Tunasema mkataba uliandikwa vibaya kwa mtu mwenye upendo.

Kuanzia 1935 hadi 1938 aliongoza orodha ya nyota walioingiza watu wengi zaidi katika kumbi za Marekani, akiwapita watu wazima wote. Mwaka 1940 ikatoka The Blue Bird, filamu ya rangi iliyogharimu sana na kuleta hasara. Mwaka huohuo wazazi walinunua muda uliobaki wa mkataba, wakamtoa Fox na kumpeleka Westlake, shule ya wasichana ya Los Angeles. Hadi hapo masomo yake yalikuwa ya mwalimu mmoja ndani ya uzio wa studio. Uamuzi huo wa kumpeleka shule hausifiwi vya kutosha. Kisanaa ulikuwa na gharama, kwa sababu nyota asiyeonekana husahaulika upesi. Lakini ndio uliompa marafiki wa rika lake na mazoea ya kukaa darasani kama mtu wa kawaida, na alivitumia vyote viwili maisha yake yote.

Sasa ndio twaingia katika miaka mliyoiruka. Studio ya MGM ilimchukua, ikatoa naye filamu moja tu, Kathleen, ya 1941, wakaachana. Mwaka uliofuata, katika Miss Annie Rooney, alipigwa busu lake la kwanza la filamu, la shavuni, na magazeti yakaliandika kana kwamba ni habari ya taifa. Tatizo la mwigizaji wa umri huo lilikuwa hilohilo. Hadithi za studio zilikuwa na nafasi ya mtoto na nafasi ya mwanamke wa kupendwa. Msichana wa miaka 14 hakuwa na pa kusimama, isipokuwa kutangaza kwamba amekua. Filamu ya namna hiyo huangaliwa mara moja kwa udadisi, kisha basi.

Aliyeelewa hili kidogo ni mtayarishaji David Selznick. Mwaka 1944 alimweka katika Since You Went Away, filamu ya karibu saa tatu kuhusu familia ya Marekani wakati wa vita, akicheza binti mdogo wa Claudette Colbert na mdogo wake Jennifer Jones. Itafuteni muitazame. Hapo hana wimbo wa kubeba wala ngoma ya kucheza. Anasikiliza wenzake na kuwajibu. Ni mwigizaji mzuri wa kundi. Mwaka huohuo akacheza I'll Be Seeing You, tena katika nafasi ya pili, tena vizuri. Anayesema kipaji kiliisha pamoja na misokoto ya nywele hajaziona filamu hizi mbili.

Kilichomwangusha baada ya hapo ni utaratibu wa kuazimwa. Mwigizaji aliyefungwa na mtayarishaji hulipwa mshahara wake uleule wa wiki. Studio nyingine ikimtaka, humlipa mtayarishaji, si mwigizaji, na bei ya kuazimwa ikizidi mshahara, kinachozidi ni cha mtayarishaji. Selznick alikuwa akipunguza filamu zake mwenyewe, hivyo Temple, aliyekuwa na mkataba naye, akawa wa kuazimwa tu: Columbia mwaka 1945, RKO na Warner mwaka 1947. Studio inayoazima haina haja ya kumjenga mtu. Inataka jina lake juu ya bango kwa wiki chache. Ndiyo maana filamu zake za baadaye hazina mwelekeo. Leo ni msichana mtundu anayempenda mwanamume mzima, kesho ni binti wa kamanda katika Fort Apache ya 1948, keshokutwa ni mpenzi katika hadithi ya farasi wa mashindano.

Kuhusu mikataba ya miaka saba ya wakati ule, lipo jambo ambalo wengi hulikosea. Miaka saba haikuwa ahadi ya studio. Ilikuwa ahadi ya mwigizaji. Mwisho wa kila kipindi, aghalabu miezi sita au mwaka, studio ilikuwa na hiari ya kuendelea naye au kumwacha. Yeye hakuwa na hiari ya kuondoka. Akikataa kazi alisimamishwa bila mshahara, na siku za kusimamishwa ziliongezwa mwishoni mwa mkataba. Desemba 1944 mahakama ya rufani ya California ilikata mchezo huo katika kesi ya Olivia de Havilland, ikaamua kwamba miaka saba ni miaka saba ya kalenda. Tangu hapo studio hazikuweza tena kumrefushia mtu kifungo kwa kumsimamisha.

Aliolewa na John Agar Septemba 1945, akiwa na miaka 17. Wakaachana miaka minne baadaye, wakiwa na binti mmoja, na hayo yanatosha. Filamu yake ya mwisho ni ya 1949. Tarehe 16 Desemba 1950 aliolewa na Charles Black, ndoa iliyodumu zaidi ya miaka 50, na mwezi huohuo akatangaza kustaafu filamu. Alikuwa na miaka 22.

Na hapo ndipo alipouliza habari za pesa.

Mapato yake ya miaka yote yalizidi dola milioni 3.2. Kilichobaki kwa jina lake kilikuwa takriban dola 44,000. Makala yenu ilisema aliibiwa na studio. Si kweli, studio ilimlipa. Pesa zilipitia mikononi mwa baba yake, George, aliyekuwa mfanyakazi wa benki na ambaye wengi walimwona mtaalamu wa fedha. Ziliendesha nyumba kubwa na watumishi, zikasaidia ndugu, zikaingia katika uwekezaji uliokufa. Temple alieleza hayo mwenyewe katika kitabu cha maisha yake cha 1988, na hakumshtaki baba yake wala hakuacha kumpenda.

Ilikuwaje sheria isimlinde? Ilikuwapo, lakini ilichelewa kuja na ilikuwa na tundu. Jackie Coogan, mtoto wa filamu ya The Kid ya 1921, alimshtaki mama yake na baba wa kambo mwaka 1938 baada ya kukuta mamilioni yake yameliwa. Aliambulia takriban dola 126,000. Wakati ule sheria ya California ilihesabu mapato ya mtoto kuwa mali ya wazazi. Mwaka 1939 jimbo likatunga sheria inayobeba jina la Coogan, lakini iligusa tu mikataba iliyopelekwa mahakamani kuthibitishwa, na kiasi cha kuwekwa kiliachwa katika busara ya jaji. Hakuna aliyefuatilia kama fungu limefika benki. Tundu hilo liliachwa wazi kwa miaka 60.

Tangu Januari 2000 mambo ni tofauti. Mapato ni mali ya mtoto. Mwajiri mwenyewe, si mzazi, hukata asilimia 15 ya mapato ghafi, yaani kabla ya makato yoyote, na kuyapeleka moja kwa moja katika akaunti ya amana iliyofungwa mpaka mtoto atimize miaka 18. Kabla ya hapo haifunguliwi bila amri ya mahakama. Chukueni kalamu: asilimia 15 ya dola milioni 3.2 ni dola 480,000. Ni zaidi ya mara kumi ya alichokikuta Temple, na baba yake angebaki na asilimia 85 za kufanyia makosa yaleyale.

Saa za kazi nazo zimepimwa. Siku ya shule, mwigizaji wa miaka 9 hadi 15 haruhusiwi kuwapo eneo la kazi zaidi ya saa 9: saa 5 za kazi, 3 za masomo na 1 ya kupumzika. Wa miaka 16 na 17 ni saa 10, na kazi ni 6. Mwalimu wa eneo la kazi hutakiwa mmoja kwa kila watoto 10, naye ana mamlaka ya kumtoa mtoto mahali penye hatari. Kibali cha kazi hudumu miezi sita, na mtoto anayeanguka shuleni anaweza kunyimwa kipya.

Tunajua wasomaji wenu hawaishi California. Lakini Sheria ya Mtoto ya Tanzania ya 2009 inaweka miaka 14 kuwa umri wa chini wa kazi nyepesi, na inakataza kazi ya mtoto kuanzia saa 2 usiku hadi saa 12 asubuhi. Mzazi anayeambiwa onyesho la binti yake litapigwa usiku wa manane ana pa kusimama. Fungu la asilimia 15 si sheria yetu, ila hakuna kinachozuia kuliandika katika mkataba. Taja kiasi, taja namba ya akaunti yenye jina la mtoto, taja tarehe ya kuweka, na andika kwamba mtayarishaji ndiye anayeweka. Andika pia malipo ni ya siku au ya kazi nzima, maana kazi ya siku tano ikifika siku kumi na mbili, aliyepatana kwa kazi nzima hana la kudai. Andika kama mtoto anaweza kupelekwa kwa mtayarishaji mwingine, na nani achukue tofauti. Na picha yake: sura ya Temple iliuzwa katika wanasesere tangu 1934, mapato yaliyo nje kabisa ya mshahara wa filamu. Leo sura ya mtoto huishia katika matangazo ya simu na sabuni kwa mkataba huohuo wa filamu, kama hakuna aliyeandika kinyume.

Kosa la mwisho katika makala yenu ni kwamba baada ya kuolewa hakusikika tena. Mwaka 1967 aligombea ubunge California, akashindwa na Mrepublican mwenzake katika uchaguzi wa awali. Mwaka 1969 alikuwa katika ujumbe wa Marekani Umoja wa Mataifa. Mwaka 1972 alitangaza hadharani kwamba ameondolewa titi kwa saratani, wakati wanawake wengi walilificha jambo hilo hata kwa dada zao. Kisha, kuanzia Desemba 1974 hadi Julai 1976, alikuwa balozi wa nchi yake Ghana. Aprili 1976, safari ileile iliyomleta Henry Kissinger, waziri wa mambo ya nje wa Marekani, Nairobi na Dar es Salaam ilikuwa ifike na Accra; serikali ya Ghana ikaifuta ziara hiyo, na aliyebaki pale kuendelea kuzungumza na wenyeji alikuwa yeye. Baadaye alikuwa balozi Czechoslovakia, 1989 hadi 1992, akashuhudia utawala wa kikomunisti ukiondoka katika mji uleule wa Prague alimokuwamo Agosti 1968 siku vifaru vya Kisovieti vilipoingia.

Alifariki nyumbani kwake Woodside, California, tarehe 10 Februari 2014, akiwa na miaka 85. Mkichapisha masahihisho, tunaomba picha iwe ya 1944 badala ya ile ya misokoto 56.

Wasomaji wenu,
Tanga