Kelele za breki za nyuma zisifichwe kwa kukaza kebo

Mhariri,

Naomba nafasi katika safu ya barua za wasomaji nizungumze na wenye magari madogo kama Probox, IST na Vitz, ambayo mengi yana breki za dramu nyuma (dramu ni ngoma ya chuma inayozunguka pamoja na gurudumu), pamoja na mafundi wanaoyahudumia. Umejengeka katika gereji zetu mtindo wa kutibu kelele ya breki hizo kwa kukaza kebo ya breki ya mkono, au kwa kuzipiga msasa breki shuu, yaani vipande vilivyopinda vinavyoibana dramu kutoka ndani, kabla ya yeyote kujiuliza kelele inatoka wapi. Mteja huondoka ameridhika kwa kuwa breki ya mkono inashika upesi na mlio umepungua, kumbe gari limerudi barabarani na ubovu wake uleule.

Kelele hizi hazifanani. Mkwaruzo wa asubuhi baada ya mvua, unaotoweka breki ikishakanyagwa mara chache, ni kutu nyepesi iliyoota ndani ya dramu. Sisi wa Tanga, wenye hewa ya chumvi, tumeuzoea, na haudai fundi. Msuguano unaosikika mara moja katika kila mzunguko wa gurudumu huashiria kwamba dramu imepoteza uduara wake. Mkwaruzo wa chuma kwa chuma ni dalili kwamba bitana, yaani tabaka la msuguano lililobandikwa juu ya shuu, imekwisha, na kila kilomita inayoongezwa hapo inaichimba dramu. Mlio mwembamba ndio unaowasumbua wengi, kwa sababu husikika hata baada ya kufunga breki shuu mpya: mara nyingi hutoka pale kingo za shuu zinapoteleza juu ya bamba la nyuma, yaani sahani ya chuma inayobeba shuu, kwenye sehemu ndogo zilizoinuka, kwa kawaida tatu kwa kila shuu, ambazo zimekauka au zimelika. Sehemu hizo hupakwa grisi maalumu ya breki inayostahimili joto, tena kidogo sana. Grisi ya beringi haifai, kwani huyeyuka ikatiririkia kwenye bitana.

Yote haya hayaonekani mpaka dramu ifunguliwe. Ikigoma kutoka, nyundo si jibu la kwanza. Dramu nyingi za magari haya zina matundu mawili yenye nyuzi, na boliti mbili za spana namba 12 zikikazwa kwa kupokezana huisukuma nje taratibu. Ndani, fundi afunue kidogo raba za silinda ya breki, inayozisukuma shuu breki ikikanyagwa. Akikuta mafuta ya breki, silinda inavuja, na breki shuu zilizolowa zibadilishwe pande zote mbili. Wapo wanaozimwagia petroli na kuzichoma ili zikauke, jambo ambalo kwa maoni yangu ni uzembe mtupu, kwa sababu mafuta yaliyokwisha kunywewa na bitana hayatoki kwa moto. Dramu nayo ina kikomo cha kipenyo chake cha ndani kilichoandikwa juu yake. Nyingi za milimita 200 kikomo chake ni 201, kwa hiyo anayeipeleka kuchongwa aipime kwanza.

Nirudi kwenye kebo. Breki ya mkono hurekebishwa mwisho, baada ya breki shuu zenyewe. Magurudumu ya mbele yawekewe kabari, gari liegemee stendi na si jeki peke yake, breki ya mkono iachiwe, kisha kigurudumu cha meno cha kurekebishia kizungushwe mpaka gurudumu likwame, na kirudishwe meno machache mpaka lizunguke kwa uhuru. Breki ya mguu ikanyagwe mara kadhaa ili shuu zikae katikati, halafu marekebisho hayo yarudiwe. Hapo ndipo kebo iguswe. Kebo ikikazwa mapema, shuu hazirudi mahali pake, kifaa kinachojirekebisha chenyewe hushindwa kufanya kazi, na dramu hupata moto safari nzima. Dereva anayeteremka kutoka Lushoto hadi Mombo na breki za namna hiyo anajitafutia balaa. Aidha, vigurudumu hivyo vya meno vya kushoto na kulia visibadilishane, kwa kuwa nyuzi zake huelekea pande tofauti, na kilichowekwa upande usio wake hulegeza badala ya kukaza.

Ombi langu la mwisho ni kwa wenye gereji. Vumbi la dramu lisipulizwe kwa kompresa mbele ya vijana wanaojifunza kazi. Bitana za zamani zilikuwa na asbesto, madini ambayo vumbi lake hudhuru mapafu, na spea zisizo na maelezo yoyote kwenye boksi hazimpi mtu uhakika. Kitambaa kilicholoweshwa maji ya sabuni kinatosha kulifuta, na kisha kitupwe.

Wako,
Fundi wa magari,
Tanga